Chupa mbili za niasinamaidi: soma nyuma kabla ya kulipa

Dada uliyeuliza, umesema umepata seramu mbili za niasinamaidi (aina ya vitamini B3 inayopakwa kupunguza madoa), moja ya shilingi 450 kutoka duka la vipodozi katikati ya jiji la Nairobi, nyingine ya 2,300 kutoka Westlands. Zote zimeandikwa asilimia 10, nawe unataka kujua hiyo pesa ya ziada inanunua nini. Asante kwa kuandika orodha ya viambato vya kila moja. Wengi hutuletea maneno ya mbele ya chupa pekee.

Viambato huorodheshwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Ndiyo maana karibu kila mara utaanza na Aqua, yaani maji. Utaratibu huo hufuatwa mpaka kiwango cha asilimia 1. Vilivyo chini ya hapo mtengenezaji huruhusiwa kuvipanga apendavyo. Sasa tafuta fenoksiethanoli, kihifadhi kilicho kwenye krimu na losheni nyingi. Sheria ya Ulaya hairuhusu kizidi asilimia 1, na viwanda vingi hufuata kiwango hicho. Kwa hiyo kinachotajwa baada yake mara nyingi ni kidogo sana. Angalia ile ya 2,300: maji, niasinamaidi, gliserini, fenoksiethanoli, halafu ndipo yanapokuja mafuta ya waridi yaliyochorwa mbele kwa rangi ya dhahabu, na mwisho Parfum, yaani manukato. Ile ya 450 ni maji, niasinamaidi, gliserini, zinki, fenoksiethanoli, basi. Haina manukato, na kwa ngozi inayowashwa haraka kama uliyoieleza, hilo ni jambo zuri.

Usidhani kila kilicho chini ya asilimia 1 ni bure, lakini. Retinoli, aina ya vitamini A, hufanya kazi kwa kiasi kidogo sana. Mafuta ya waridi ni habari nyingine.

Mimi nilijifunza kusoma nyuma kwa uchungu. Mwaka 2019 nilikuwa na madoa meusi mashavuni yaliyoachwa na chunusi. Duka moja karibu na River Road likaniuzia kikopo cha krimu iliyochanganywa pale pale kaunta, hakina lebo yoyote. Wiki mbili hivi uso ukang'aa, wenzangu kazini wakaniuliza ninapaka nini, nami nikawaelekeza dukani. Hilo linaniuma hadi leo. Mwezi wa tatu ngozi ikawa nyembamba, mishipa inaonekana, na nilipoacha kupaka uso ukawaka moto na kujaa vipele. Daktari wa ngozi aliniuliza, "Ndani ya hicho kikopo mlikuwa na nini?" Sikuwa na jibu. Kwa jinsi ngozi ilivyokuwa, alishuku steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi) kama klobetasoli, dawa ambayo hata ukiandikiwa na daktari haipakwi usoni kiholela wala kwa majuma mengi mfululizo. Uso ulichukua karibu mwaka mzima kutulia.

Kwa hiyo kitu kisicho na orodha, hata kiwe cha bei gani, kirudishe. Na chenye orodha, kikague kama kina hidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi ambayo hairuhusiwi kwenye vipodozi hapa Kenya, au kalomeli, au neno lolote linaloanza na "mercur". Hayo mawili ya mwisho ni zebaki, inayodhuru figo na neva. Kuna krimu za zebaki zinazokuonya usizigusishe na vito vya dhahabu au fedha. Onyo hilo peke yake latosha kukufanya uiache krimu hiyo rafuni.

Majina ya Kilatini yasikutishe: Butyrospermum parkii ni siagi ya shea, Cocos nucifera ni nazi, Persea gratissima ni parachichi.

Kuhusu asilimia 10: tafiti nyingi za niasinamaidi kwa madoa zilitumia kati ya 2 na 5. Kumi si lazima iwe bora, na wengine huwashwa nayo. Ipake kwanza kidogo nyuma ya sikio kwa siku tatu.

Mimi ningechukua ya 450. Ile 1,850 inayobaki ningeiweka kwenye krimu ya kukinga jua, kwa sababu Nairobi iko karibu na ikweta, juu ya mita 1,600, na madoa unayoyatibu usiku jua huyakoleza mchana. Kwa ngozi zetu nyeusi, tafuta yenye rangi kidogo, ambayo orodha yake ina CI 77491, CI 77492 na CI 77499. Hizo ni oksidi za chuma, na huzuia hata ule mwanga wa kawaida ambao krimu nyingine huupitisha.