Boksa ya kukimbilia Mombasa

Kaka, umeuliza kwa nini mapaja yanachubuka ukikimbia pale Mama Ngina, ile bustani ya ufukweni; mimi naishuku hiyo boksa ya pamba unayovaa. Pamba hunywa jasho ikalishika, na kwa unyevunyevu wa Mombasa haikauki, basi unasuguliwa na nguo iliyorowa mwendo mzima. Tafuta ya poliesta au nailoni inayovutika, ibane bila kukata, mguu ushuke hadi katikati ya paja. Fupi hupanda zikajikunja. Igeuze ndani nje ukague mishono, iwe bapa. Mitumba ya soko la Kongowea utapata taiti, ila zenye sponji waachie wenye baiskeli. Paka mafuta ya mgando kabla hujatoka. Na ukitoka kuogelea baharini, jimwagie maji matamu kwanza, chumvi ikikauka ni msasa.