Jina la ubaoni lilivyoniponza

Juzi dada mmoja wa Shela, Lamu, aliniandikia. Nyumba ya wageni anayofanyia kazi imenunua programu ya kusimamia mikataba, naye anauliza: "Kwenye sehemu ya mhusika, yaani anayeingia mkataba, tuandike jina gani? Wageni wote wanatujua kwa jina la nyumba." Nilisoma ujumbe ule mara mbili, moyo ukinidunda. Jina la nyumba ndilo lililoniponza mimi hapa Malindi.

Hoteli yetu iko upande wa Casuarina. Mgeni huona ubao mmoja, ila nyuma yake mna kampuni tatu. Ya kwanza inashika ardhi, na kwa kuwa baadhi ya wenye hisa ni Waitaliano, inaishika kwa kukodi tu: kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya ya 2010 hakimpi asiye raia zaidi ya miaka 99, na kampuni huhesabiwa ya raia pale tu hisa zote zinapokuwa za raia. Ya pili inaendesha hoteli. Ya tatu ina boti za kupeleka wageni kwenye hifadhi ya baharini. Lile la ubaoni ni jina la biashara tu, si mtu mbele ya sheria.

Nilipopewa kazi ya kuingiza mikataba, nilifungua mhusika mmoja, jina la ubaoni, nikaitia mikataba yote 112 humo. Wiki tatu zikaisha hivyo.

Kisha tukanunua injini mbili za boti. Programu ilijaza mkataba yenyewe: jina la ubaoni, PIN (namba ya mlipakodi) ya hoteli, na mahali pa saini ikamweka meneja, ambaye ni mkurugenzi wa hoteli lakini si wa boti. Agosti, msimu umepamba moto, injini moja ikazima wageni kumi na mmoja wakiwa majini. Tulipodai dhamana, muuzaji akajibu kuwa hana mkataba wowote na kampuni ya boti. Nikaitazama CR12 ya boti, hati ya msajili yenye orodha ya wakurugenzi na wenye hisa: jina la meneja halimo. Invoisi ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi, nayo ilikuwa ya PIN ya hoteli, na tangu 2024 kwa kawaida gharama isiyo na invoisi hiyo haikatwi kwenye mapato yanayotozwa kodi, hivyo kampuni ya boti haikuwa na cha kuonyesha. Kampuni ni mtu wa peke yake hata kama wenye hisa ni walewale. Hilo liliamuliwa London mwaka 1897 katika kesi ya Salomon, fundi wa viatu, na mahakama zetu hulifuata.

Nililaumiwa jikoni, saa ya chai, mbele ya wapishi na mabaharia. "Mwanangu, si wewe uliyeandika?" mzee mmoja aliniuliza. Aliyeniambia niandike jina la ubaoni alikuwa amesimama palepale akikoroga chai yake, na hakufungua mdomo. Linaniuma mpaka leo.

Nikaanza upya. Kila kampuni na rekodi yake: jina kama lilivyo kwenye cheti, na "Limited" yake, namba ya usajili, PIN, wakurugenzi kwa mujibu wa CR12 mpya, na nani anatia saini. Kampuni yenyewe ikitia saini hati, Sheria ya Makampuni ya 2015 inataka wawili wenye mamlaka, au mkurugenzi mmoja mbele ya shahidi. Jina la biashara nililipa sehemu yake, chini ya kampuni inayolimiliki. Kisha nikausoma kila mkataba. Thelathini na mmoja ulikuwa wa boti.

Mwezi uliopita mkaguzi wa hesabu aliitaka mikataba ya boti. Nilibonyeza mara mbili, yote 31 ikatoka. Akaniuliza nilisomea wapi.

Kwa hiyo dadangu, cheti kwanza, kuandika baadaye. Kampuni ikibadilisha jina, usifungue rekodi nyingine. Namba ya usajili ni ileile, liache jina la zamani lionekane. Ikifungwa usiifute, kwa sababu madeni na mikataba yake bado itaulizwa. Wakisema vyeti viko kwa wakili, vifuate. Mimi nilipanda matatu mpaka Mombasa kuvichukua. Cheti kwanza, narudia. Na yeyote akikuambia uandike tu jina la nyumba, mwombe akuandikie hilo kwa barua pepe, kisha uihifadhi.