Koilova kwenye gari la kila siku: anza na kimo, ugumu ufuate baadaye

Ndugu, kwa maelezo yako gari lina sasipensheni ya MacPherson mbele (ile ambayo shokapu na springi huwa nguzo moja inayoshikilia gurudumu), seti ya koilova (shokapu zilizovikwa springi, ambazo kimo chake hurekebishwa) umeshaichagua, na unakusudia kulishusha kwa sentimita 6 kisha kuziweka shokapu kwenye ugumu wa mwisho ili lisilale kwenye kona. Nimetumia koilova kwa miaka kadhaa kwenye gari ninaloendea kazini, nimezifunga na kuzirekebisha mwenyewe, na ninakusihi usifanye hayo mawili kwa pamoja, kwa sababu yatakunyima hicho hasa unachokitafuta. Gari hushika kona pale tairi zote nne zinapoendelea kukandamizwa barabarani kwa nguvu isiyobadilika ghafla, na haliwezi kufanya hivyo iwapo magurudumu hayana nafasi ya kupanda na kushuka. Kwa hiyo, kila unapogusa koilova, jiulize kwanza nafasi hiyo imebaki kiasi gani.

Tuanze na kimo, kwa kuwa ndipo wengi wanapoharibu. Ndani ya shokapu kuna fimbo, na kwenye fimbo hiyo kuna kipande cha mpira kinachozuia shokapu isigonge mwisho wake. Gari likishushwa kwa kuteremsha sahani inayobeba springi, fimbo huzama zaidi hata gari likiwa limesimama, na umbali wa kufikia mpira ule hupungua. Ukiingia kwenye kona, upande wa nje unalala, shokapu inafika kwenye mpira, na ugumu wa kona hiyo ya gari unapanda kwa mara moja kupita ule wa springi yoyote uliyonunua. Likitokea mbele, gari linakataa kukata kona. Likitokea nyuma, mkia unateleza bila kukuonya. Dereva hudhani springi ni laini mno na kwenda kutafuta ngumu zaidi, ilhali springi haikuwa na kosa.

Namna ya kulipima jambo hili ni rahisi. Funga kamba ndogo ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, kwenye fimbo ya shokapu, isukume hadi iguse mwili wa shokapu, kisha endesha njia unayoijua vizuri, yenye kona na mabonde. Ukirudi, ingia chini ya gari na utazame ilikosukumwa. Kwenye gari langu, nilipokuwa nimelishusha kufikia kimo kilichopendeza machoni, kamba ilikuwa imebanwa hadi kwenye mpira, na nilikuwa sijaendesha kwa fujo hata kidogo. Nilipolipandisha kidogo, kamba ilisimama mbali na mpira kwa kiasi cha unene wa kidole, na kona ile ile iliyokuwa ikilirusha gari upande ikapitika kwa utulivu. Springi zilikuwa zile zile na shokapu sikuzigusa.

Zipo koilova ambazo kitako chake cha chini nacho kimechongwa nyuzi, hivyo urefu wa shokapu nzima hubadilishwa pasipo kugusa springi wala kula mwendo wa fimbo. Ukiweza, chagua hizo. Hata hivyo zina mipaka yake, kwa kuwa tairi bado inaweza kugonga fenda, na shafti inayozungusha gurudumu ina pembe ambayo haipendi kupitilizwa.

Kuna sababu ya pili ya kuogopa sentimita 6, nayo inahusu MacPherson hasa. Mkono wa chini wa sasipensheni, kwa kawaida, upande wake wa gurudumu uko chini kidogo au sawa na upande wa chasisi. Ukilishusha gari mno, mkono huo unageuka na kuelekea juu upande wa gurudumu. Hapo hutokea mambo mawili. Kwanza, nukta ambayo bodi hulalia ikiizunguka hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito kinavyoshuka, na umbali kati ya viwili hivyo unaongezeka. Matokeo yake ni kwamba gari lililo chini zaidi linataka kulala zaidi, si kidogo. Pili, gurudumu likipanda halipati tena kemba hasi, yaani ule mwinamo wa kuegemea ndani, na tairi ya nje inabebwa na ukingo wake. Tairodi, yaani vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu, nazo hukaa kwenye pembe mbaya, na usukani huanza kujivuta wenyewe kila gurudumu linapokanyaga tuta. Zipo boljointi (viungo vya mpira wa chuma mwishoni mwa mkono wa chini) ndefu za kurekebisha pembe hizo, lakini sentimita 2 hadi 3 kwa gari la barabarani hukuepusha na gharama hiyo yote.

Kuhusu springi, ugumu wake huandikwa kwa kilo kwa milimita, na namba hiyo huwadanganya wengi. Gurudumu halipati ugumu wote wa springi. Kwenye MacPherson springi husogea karibu sawa na gurudumu, lakini kwenye mifumo mingine ya nyuma springi huweza kusogea milimita 7 wakati gurudumu linasogea 10. Uwiano huo wa 0.7 huzidishwa kwa wenyewe, na springi ya kilo 6 ikawa na nguvu ya takriban kilo 2.9 tu pale kwenye gurudumu. Ndiyo maana haifai kulinganisha namba za mbele na za nyuma bila kujua muundo wa gari.

Lipo pia suala la gurudumu kushuka, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Chukua kona ya gari inayobeba kilo 300 juu ya springi. Springi ya kilo 3 kwa milimita itabonyea milimita 100 kwa uzito huo, na ya kilo 6 itabonyea 50 tu. Maana yake ni kwamba gurudumu likifika kwenye bonde, springi ngumu inaishiwa nguvu ya kulisukuma chini mapema zaidi, na tairi ya ndani inaachia barabara. Kuikaza springi mapema kwa sahani yake hakuiongezei ugumu iwapo ni springi ambayo ugumu wake ni ule ule tangu mwanzo hadi mwisho wa kubonyea. Kunapandisha gari na kupunguza zaidi mwendo huo wa kushuka.

Sasa shokapu. Kitufe cha juu chenye hatua zinazosikika kwa mlio mdogo, kwenye koilova nyingi za bei ya kati, hubadilisha zaidi mwendo wa kutanuka kuliko wa kubonyea. Ukikiweka kwenye ugumu wa mwisho, springi inabonyea kwenye tuta la kwanza lakini hairuhusiwi kurudi kwa wakati. Tuta la pili linaikuta bado chini, la tatu linaikuta chini zaidi, na gari linajivuta kuelekea ardhini lenyewe hadi linalalia ile mipira. Dereva huhisi ugumu na kuuchukulia kuwa ndio uthabiti. Kwenye kona yenye mawimbi ya lami utauona ukweli wake: gari linaruka kando kwa vihatua vidogo vidogo, na mikono inaanza kupigana na usukani.

Anza upande ulio laini. Funga kitufe hadi mwisho wa ugumu taratibu, bila kukilazimisha, kisha hesabu hatua ukirudi nyuma, kwa kuwa mwisho huo ndio alama ya kuaminika ya kulinganisha shokapu mbili za ekseli moja. Pita kwenye tuta refu kwa mwendo wa wastani: bodi ikiendelea kuelea baada ya kupanda na kushuka mara moja, ongeza hatua moja au mbili, ikitulia, acha. Badilisha ekseli moja tu kwa wakati, na uandike. Mimi nimeishia karibu na katikati ya kipimo, nyuma kukiwa laini kuliko mbele, na sijaona sababu ya kwenda zaidi kwenye barabara za umma.

Wakati wa kufunga kuna mambo machache ambayo fundi mwenye haraka huyaruka. Nati ya juu ya fimbo isikazwe kwa mashine ya kugonga, kwani fimbo huzunguka na kuumiza sili. Bolti zinazopita kwenye bushi za mpira zikazwe gari likiwa limekalia magurudumu yake. Zikikazwa gari likining'inia kwenye jeki, bushi hubaki zimejipinda muda wote na huchanika mapema. Hakikisha mipira ya breki na waya za ABS hazivutwi usukani ukikatwa hadi mwisho. Baada ya hapo pima pembe za magurudumu, ukiwa umeshaamua kimo na si kabla, kwa sababu kila milimita unayobadilisha huharibu vipimo hivyo. Taa za mbele nazo zirekebishwe.

Jambo moja kuhusu kusawazisha: ukipandisha pembe moja ya gari, unaongeza uzito juu ya gurudumu hilo na lile la mshazari wake. Kwa hiyo usitumie sahani ya upande mmoja kufanya fenda zilingane kwa macho tu. Pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi kwenye fenda, kwenye sakafu iliyo sawa, tangi likiwa na mafuta ya kawaida na mtu akiwa kwenye kiti cha dereva.

Kwa gari lako, basi, ningeshusha sentimita 2.5 pande zote, ningeweka shokapu laini, na ningefunga zile kamba kwenye fimbo zote nne kabla ya kuendesha. Ukishapita njia yako, tuandikie zimesimama umbali gani na mipira, mbele na nyuma, pamoja na ugumu wa springi ulioandikwa kwenye seti yako. Kwa vipimo hivyo tutajua kama kuna nafasi ya kushuka zaidi.