Maji kuchemka nyuzi 94 Mbeya

Mkuu, umesema kipimajoto cha maabara yenu ya shule hapa Mbeya kinasoma 94 maji yakichemka, mnadhani kimeharibika. Ni kizima, msikitupe. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko Dar, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 ya kwenye kitabu. Nimesoma bweni huku, shule ya wavulana tupu. Klabu ya sayansi tulipima sufuria baada ya sufuria, ikagoma palepale 94, moto uongezwe usiongezwe. Ndiyo maana makande yalikuwa yanakula kuni mpaka mpishi ananuna.

Na hao vijana wa Pwani mnaowacheka kwa kuhema uwanjani, habari ni ileile: oksijeni bado ni asilimia 21, ila hewa yenyewe ni nyepesi. Wapeni wiki mbili tatu wazoee kabla ya kuwakata kwenye timu ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari.

Kipimajoto kikisoma 88 au 99 kwenye maji yanayochemka, hapo kweli kina walakini. Kitumbukizeni kwenye barafu inayoyeyuka, kisome 0.