Nilichanja na bado nikaugua, mwaka huu nichanje tena ya nini?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi ni nesi kutoka Kenya, niko wodi ya wazee kwenye hospitali moja hapa England. Oktoba iliyopita nilichoma sindano ya flu, siku ya tano nikashikwa na mafua nikalala siku tatu. Wenzangu wanasema ni sindano ndio imeniletea, na eti inafanya kazi nusu tu. Sasa nichome tena ya nini?

JIBU: Pole sana dada. Kazi yangu ni kuzuia maambukizi hospitalini, msimu wa chanjo nashinda nazunguka wodini na kiboksi cha baridi, na hili swali naulizwa na manesi wenye uzoefu mkubwa tu.

Kwanza hilo neno mafua. Kwetu ukipiga chafya mbili una mafua, koo likiwasha mafua, lakini flu yenyewe inakuangusha ghafla, homa, viungo vyote vinauma, hata kwenda chooni unashika ukuta. Kuanzia Oktoba huku virusi vya kila aina vinazunguka, korona, RSV (kirusi kingine cha mapafu na njia ya hewa), vya mafua ya kawaida, na hii sindano haigusi hata kimoja kati ya hivyo. Afu kinga inahitaji kama wiki 2 kujijenga, wewe uliugua siku ya 5, kwa hiyo hata kama ilikuwa flu kweli ilikukuta bado huna kinga. Na sindano yetu haina kirusi hai, haiwezi kukupa flu. Mkono kuuma na kahoma ka siku moja mbili, hiyo ipo sikatai.

Sasa hiyo nusu. Mwaka ambao chanjo imeendana na virusi vinavyozunguka, inapunguza hatari ya kuugua flu mpaka uende kwa daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Tuseme wafanyakazi 100 wasiochanjwa wanaugua 10, ukiwachanja wote wataugua kama 5. Wale 5 walionusurika hutawajua kamwe, hakuna anayekuja kazini kusema jana sikuugua, ila aliyechanja akaugua habari zake zinafika mpaka jikoni.

Na kuna mwaka inakosea kabisa, maana WHO (Shirika la Afya Duniani) wanachagua aina za virusi Februari na kirusi hakisubiri, Marekani 2014/15 aina moja ya kirusi cha flu, H3N2, ilibadilika ufanisi ukashuka mpaka karibu asilimia 19. Lakini utafiti wa Baltimore, Marekani, wa miaka ya 90 kwa wafanyakazi wa hospitali ulikuta kinga ya asilimia 88 kwa flu A na 89 kwa flu B, ndizo aina mbili kuu za flu, kwa sababu mtu mzima mwenye afya mwili wake unaitikia chanjo vizuri, mzee wako wa miaka 85 hata akichanjwa mwili wake unajikongoja. Kama kuchanja wafanyakazi kunapunguza vifo vya wagonjwa, na kwa kiasi gani, wataalamu bado wanabishana, sitakudanganya. Mimi naangalia kitu kimoja, flu inaambukiza hata siku moja kabla hujasikia chochote, na siku hiyo wewe umemwinamia bibi unamsafisha kinywa, uso wako na wake hata futi moja haifiki.

Kinachoniuma ni kwamba England wahudumu waliochanja walikuwa kama asilimia 77 msimu wa 2020/21, 2023/24 wakawa kama 43. Wengi wanasema watu wamekaidi, mimi naona sisi pia tumechangia, kliniki inafunguliwa mchana na nesi wa usiku amelala, wa ajensi hajui hata kama anaruhusiwa. Nilipoanza kupita saa tisa usiku, wodi moja niliwachoma watu saba kabla chai haijapoa, hakuna aliyebisha.

Kwa hiyo ukichoma mapema Oktoba, wiki 2 zitakuwa zimepita kabla flu haijachanganya. Kama ulishawahi kupata mzio mkali baada ya chanjo mwambie anayekuchoma kabla. Na kama uko shifti za usiku mwambie meneja wa wodi aombe timu ipite usiku, tunakuja.