Anti, nikope bumu nikasome Kifaransa au niache?

Shikamoo Anti. Mimi ni binti wa Ujiji, nimemaliza form six mchepuo wa KLF (Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa) na Kifaransa ndo somo nililofaulu kuliko yote. Nataka niombe digrii ya lugha, Kifaransa kiwe kikuu afu Kihispania au Kireno pembeni. Shida ni hela, nyumbani tunauza mawese na dagaa, ada hatuwezi, kwahiyo lazima niombe mkopo wa bodi ya mikopo. Mjomba ndo nilitegemea anidhamini na amegoma, anasema Kigoma hii wanaojua Kifaransa wamejaa tele, wametoka Kongo na Burundi na hawajakopa hata mia, mimi naenda kukopa mamilioni ninunue kitu kinachopatikana bure pale mwalo wa Kibirizi. Je yuko sahihi? Na nikisoma lugha mbili mshahara ndo unakua mkubwa?
Binti wa KLF, Ujiji

Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa matokeo. Mjomba wako ameongea kitu cha maana, ila ameishia njiani.

Tuanze na deni maana hapo ndo watu wanatishana bila hesabu. Ile tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, Rais Samia aliitangaza Mei Mosi pale Mwanza, kwahiyo deni lako halitavimba kila mwaka kama lilivyowavimbia kaka na dada zako. Ukihitimu unapewa miezi 24 ya kujitafuta, baada ya hapo ukiajiriwa mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi juu kwa juu kabla hujaushika. Chukulia umetoka chuo na deni la milioni 10 na umepata kazi ya laki saba, bodi peke yake inakula 105,000 kila mwezi, na utalipa karibu miaka minane, hapo bado PAYE, yani kodi ya mshahara, na bado mfuko wa hifadhi ya jamii. Mtu mwenye ajira anaishi na hayo makato, wengi wanaishi nayo. Anayeumia ni yule ambaye ajira haikuja, maana ukijiajiri bodi inataka angalau laki moja kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato chako, sasa laki moja kila mwezi kwa binti anayefundisha tuisheni Mwanga na wanafunzi wenyewe wanalipa kwa mafungu, hiyo ni mzigo kweli kweli. Alafu jua kwamba bodi inatanguliza kozi za sayansi, afya, uhandisi, lugha zinakuja nyuma, kwahiyo unaweza ukapata mkopo na bado ada ikabaki nusu juu yenu nyumbani. Ulizia hilo kabla hujachagua chuo cha ada kubwa.

Sasa Kifaransa cha hapa Kigoma, mwisho wa reli. Nenda Kibirizi au bandarini usikilize, mfanyabiashara wa Kalemie au Uvira anakusalimia Kiswahili, mnapatana bei Kiswahili, mkigombana pia ni Kiswahili. Hata kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Wakongo wengi wanaongea Kiswahili na Warundi wanaongea Kirundi, kwahiyo mkalimani wa Kifaransa tupu hana kazi kubwa kule. Hapo nampa mjomba haki yake yote.

Ila mwambie aangalie mzigo unapotaka kuvuka ziwa. Saruji iko tayari, wakala wa forodha anafungua faili, ndani kuna ankara ya Kifaransa, barua ya mwenye mzigo ya Kifaransa, na FERI, ile hati ya OGEFREM, shirika la Kongo la kusimamia mizigo, ambayo Kongo wanaidai kwa kila mzigo unaoingia kwao, upande wetu huku TRA, watu wa kodi na forodha, wanataka Kiingereza, na uzito na thamani lazima visomeke sawasawa pande zote mbili, kikipishana kimoja mzigo unalala. Mtu anayesoma hizo karatasi zote, anaandika Kiingereza kilichonyooka na anajua ushuru unavyopigwa, huyo hajajaa Kibirizi. Na tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022 mimi naamini kazi za namna hiyo zitaongezeka tu. Lakini ona kinacholipwa pale ni forodha, Kifaransa ndo kinakufanya uitwe wewe wakamwacha mwingine.

Kwahiyo mwanangu, digrii ya lugha peke yake, kwa mkopo, kwa hali ya kwenu, mimi sikushauri. Omba ualimu, yani digrii ya elimu yenye Kifaransa na Kiingereza kama masomo ya kufundishia. Kifaransa shuleni ni somo la hiari na shule zinazolifundisha ni chache, nafasi yake ikikosekana Kiingereza kinakuingiza darasani na makato yanaanza kulipika. Ukiwa chuo tafuta hela kidogo kidogo ufanye DELF, mtihani wa kimataifa wa Kifaransa, ngazi ya B2, kituo cha Kifaransa cha Alliance Française kipo Dar na Arusha, cheti chake hakiishi muda. Ukiona moyo uko kwenye biashara kuliko chaki, kuna EACFFPC, cheti cha Afrika Mashariki cha mawakala wa forodha, kinasomwa kwa miezi tu.

Kuhusu lugha mbili, mwajiri halipi kwa kuhesabu lugha. Kihispania kinamsaidia sana mwongoza watalii Arusha, Kireno kinamfaa mtu wa Mtwara anayefanya kazi na Msumbiji, wewe wa Kigoma fikisha kwanza Kifaransa mahali unapoweza kuandika barua ya kazi bila kusahihishwa. Kuna zile kazi za kutafsiri Mahakama ya Afrika pale Arusha, nzuri mno, ila ni chache na wanataka uzoefu, usiziweke kwenye hesabu ya kulipa deni.

Mjomba msomee hiyo hesabu ya 105,000 taratibu, umwambie sasa unaomba ualimu. Akigoma tena, mzazi naye anaweza kukudhamini. Na cheti cha kuzaliwa kipeleke RITA kihakikiwe sasa hivi, usingoje dirisha la mkopo lifunguliwe.