Wizi wa laini ya simu: ni utapeli, ni mitandao au ni genge?

SWALI: Assalaam aleikum, mhariri. Ami yangu ni mwalimu mstaafu anayeishi Barani, hapa Malindi. Mwezi uliopita simu yake ilipoteza mtandao jioni, naye akadhani ni hitilafu ya kawaida, akalala. Kulipopambazuka, akiba yake katika akaunti ya benki iliyounganishwa na laini hiyo ilikuwa imekwisha, na juu ya hayo mkopo ulikuwa umechukuliwa kwa jina lake. Polisi wamemkamata kijana mmoja wa Maweni ambaye laini yake ndiyo iliyopokea pesa. Anasema alilipwa tu ili aikodishe. Jamaa zetu wanasema ni wahuni wa mitandaoni, lakini mimi nashuku kuna mtu wa ofisini. Je, huu ni utapeli, ni wizi wa mitandao au ni genge?
Binti wa Barani

JIBU: Wa aleikum salaam, binti yetu. Mpe ami pole zetu. Yaliyomfika ni hayo yote matatu kwa pamoja, na shuku yako ina msingi.

Ili nambari izimike katika simu ya mwenyewe na iwake katika simu ya mtu mwingine, mara nyingi huhitajika mtu mwenye ruhusa ya kuingia katika mfumo wa kampuni, awe wakala au mfanyakazi, ambaye ataingiza nambari ya kitambulisho na kuthibitisha kwamba mwenye laini ndiye aliyesimama mbele yake. Baada ya hapo ujumbe wote wa benki, pamoja na zile nambari za uthibitisho zinazotumika mara moja, humfikia mwizi, naye hubadilisha nambari za siri na kuchota pesa wakati mwenye mali amelala. Nambari ya kitambulisho nayo haikuokotwa njiani: huenda ilitoka katika fomu ya mkopo, katika faili la ofisi au katika daftari la wageni linalowekwa mlangoni mwa kila jengo siku hizi. Kwa hivyo tayari tunao aliyeuza taarifa, aliyehamisha laini, aliyechota na aliyepokea. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa, ya mwaka 2010, inalihesabu kuwa genge kundi la watu watatu au zaidi waliojipanga kutenda makosa makubwa kwa ajili ya faida, na haidai kwamba lazima wawe na mapanga.

Mwanasosholojia wa Marekani, Edwin Sutherland, ndiye aliyeupa uhalifu wa watu wenye heshima na cheo jina lake la pekee, yaani "uhalifu wa kola nyeupe", mwaka 1939, wakati wenzake wakiamini kwamba uhalifu ni tabia ya maskini. Alifanya kazi kubwa, ila kwa maoni yangu mgawanyo huo umetuachia desturi mbaya: karani aliyebonyeza kitufe husemwa kwamba alikula chai tu, ilhali kijana aliyetoa pesa kwa wakala huitwa jambazi.

Ukitaka kuona jinsi pande hizo zinavyotegemeana, tazama wizi wa Benki Kuu ya Bangladesh wa Februari 2016. Wadukuzi, ambao Marekani inasema walitumwa na Korea Kaskazini, waliingia katika kompyuta za benki hiyo na kutuma maagizo 35 ya kuhamisha karibu dola bilioni moja kutoka akaunti yake iliyoko New York. Waliingoja Alhamisi usiku, kwa kuwa Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko Bangladesh, na Jumatatu iliyofuata ilikuwa sikukuu Ufilipino. Maagizo mengi yalizuiwa. Dola milioni 20 zilizoelekezwa Sri Lanka zilirudi kwa sababu jina la mpokeaji liliandikwa kimakosa. Lakini milioni 81 zilifika katika tawi moja la benki jijini Manila, katika akaunti zilizofunguliwa kwa majina ya uongo mwaka uliotangulia, kisha zikapitishwa katika kasino, ambazo wakati huo hazikuguswa na sheria ya nchi ile dhidi ya utakatishaji fedha, yaani kuzipa pesa za wizi sura ya halali. Udukuzi wenyewe ulikuwa wa hali ya juu, lakini bila akaunti zile na meza zile za kamari pesa zisingetoka. Mwaka 2019 mahakama ilimtia hatiani meneja wa tawi lile. Hakuwa mdukuzi, alikuwa mwenye kalamu.

Huku kwetu pesa za namna hiyo hupenda kuingia katika viwanja na nyumba za pwani, na ndiyo maana sheria inawataka madalali wa ardhi, na tangu 2023 mawakili pia, kuripoti malipo yanayotia shaka. Hilo ni somo la barua nyingine.

Sasa ami yako afanye nini? Aandike barua, asiridhike na kupiga simu, kuitaka kampuni ya simu ieleze laini ilihamishwa saa ngapi, katika duka gani na kwa akaunti ya mfanyakazi au wakala yupi. Mfumo huacha alama, na alama hiyo ndiyo ushahidi wenu. Nakala aipeleke benki na kituo cha polisi, ikiwa na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Mkopo aupinge kwa maandishi mapema, kabla jina lake halijapelekwa kwa taasisi zinazoorodhesha wasiolipa madeni. Taarifa zake zikithibitika kuvuja kutoka ofisi fulani, anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Kulinda Data chini ya sheria ya mwaka 2019.

Na yule kijana wa Maweni ana kesi ya kujibu, kwani kukodisha laini kwa mtu usiyemjua si biashara halali. Hata hivyo, mwombeni afisa wa upelelezi, kwa adabu lakini bila kuchoka, asimfikishe yeye peke yake kizimbani kabla ya kupata jina la aliyeihamisha laini.